Bonde la Liwazo

Katika msiba wa mtoto wa Editha Nyagawa hakuna aliyelia.

Wanawake wa Lwangilo walikuja kama ilivyo desturi, kanga kiunoni, wamebeba unga, kuni na mafungu ya mboga. Walipika, wakaosha vyombo, wakatandika mikeka. Wanaume walichimba kaburi dogo nyuma ya nyumba, wakazisawazisha kingo zake, kisha wakakaa kivulini kuzungumzia mbolea. Mchungaji alisoma, watu wakaitikia. Kila kitu kilikwenda kwa utaratibu. Kilichokosekana ni ile sauti ambayo Otilia Mligo, nesi wa zahanati, aliizoea tangu utoto wake: sauti ya mwanamke wa kwanza anayevunjika na kuwavunja wengine wote. Aliingojea wakati wa kufunga jeneza. Aliingojea wakati wa kulishusha. Haikuja. Mama wa marehemu alitazama udongo ukimwagwa kama anayetazama jirani akifukia viazi.

Otilia peke yake ndiye aliyekuwa na barakoa usoni, ile nzito yenye vichujio viwili mashavuni, na chini yake machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni bila njia ya kuyafuta.

"Nesi, umekula?" Editha alimwuliza watu walipotawanyika. Alikuwa amemletea sahani ya wali na maharage. Macho yake yalikuwa maangavu, uso umetulia. Alikuwa mwanamke mzuri wa umri wa kati ya ishirini na thelathini, mwenye vidole vilivyochubuliwa na miiba.

"Nitakula. Kaa kidogo, mama Lameki."

Alijilaumu kwa kulitamka jina la mtoto. Editha hakushtuka. Alikaa.

"Alianza kuugua lini?"

"Jumatatu. Mwili ulichemka, akakataa kunyonya. Halafu alilia, nesi! Alilia mpaka sauti ikakauka." Alitabasamu kidogo, tabasamu la mama anayesimulia ukorofi wa mwanawe. "Kisha akanyamaza. Nikasema afadhali, amepata nafuu."

"Zahanati iko pale juu tu, Editha. Ungenipigia simu ningeshuka."

"Ni kweli."

"Ulimsikia akilia?"

"Nilimsikia. Si nilikuwa naye chumba kimoja?"

"Na hukuogopa?"

Editha alifikiri. Hakuwa akilikwepa swali. Alilitafuta jibu kwa bidii, kama mtu anayepapasa mfuko akitafuta ufunguo aliokuwa nao muda si mrefu.

"Niogope nini?" akauliza.

*

Zamani Lwangilo lilikuwa bonde la viazi na njaa. Baridi ilikuwa ikiua mazao, barabara ikikatika masika, vijana wakikimbilia mijini. Ndipo Serikali ilipoleta maua. Baraza la Maua liliundwa kwa sheria, likapewa fungu lake katika bajeti. Mkulima aliyekubali kutoa shamba alijengewa vitalu nyumba kwa ruzuku, akasamehewa kodi, akapewa miche bure. Lami ilifika. Umeme ukafika. Kiwanja kikasawazishwa mlimani, na kila alfajiri ndege zisizo na rubani ziliinuka pale na makasha ya baridi kuelekea uwanja mkubwa wa ndege, na kutoka huko kwenda nchi zisizolima maua.

Lakini maua ya kawaida hata jirani zetu wanayo. Lililoiinua nchi ni ua moja, Liwazo.

Otilia alishuka kwenye mabanda ya maua siku ya pili baada ya mazishi. Msimamizi wa zamu alimfungulia mlango kwa heshima zote, akamwonya asiguse mabomba. Ndani kulikuwa na joto la unyevu, na waridi zilisimama mistari kwa mistari hadi macho yalipochoka, rangi yake kati ya maziwa na samawati. Wanawake walitembea katikati wakikata mashina kwa mikasi. Hakuna aliyevaa barakoa. Zilitolewa kwa wote wakati mradi ulipoanza, na wote walizivua wenyewe katika wiki ya kwanza. Baraza lilileta mabwana afya wa kuwasimamia, nao wakazivua. Mtu akishaionja harufu ile kwa pumzi moja iliyopenya pembeni, mkono wenyewe humpanda usoni.

Waliolitengeneza ua hilo kwenye maabara ya taifa walichukua chembe ya urithi kutoka kwenye kuvumwani, ule ukoga unaoota kwenye magome ya miti msituni, wakaipandikiza katika waridi. Petali zikawa zinatoa mvuke usioonekana. Mvuke huo hauleweshi wala haulazi usingizi. Unakwenda moja kwa moja mahali pale kichwani panapopiga kengele ya hatari na ya msiba, na kuizima. Shada moja mezani hutuliza chumba cha wafiwa kwa alasiri nzima. Nyumba za mazishi za ng'ambo ziliyagombania. Baadaye zikaja hospitali, kisha magereza. Hakuna aliyewahi kupima kinachompata mtu anayeivuta harufu hiyo msimu baada ya msimu, katikati ya maelfu kwa maelfu ya maua, kisha akarudi nayo nyumbani kwenye nguo na nywele.

"Dada, mkono wako," Otilia alimwambia mwanamke mmoja.

Mkasi ulikuwa umempasua kiganja. Damu ilikuwa ikidondoka kwenye majani, naye akiendelea kukata.

"Ee, unauma," mwanamke akakubali, akiuangalia.

Otilia alipiga magoti kumfunga jeraha. Maumivu yalikuwepo, kilichokosekana ni kushtuka. Alipokuwa akiinama kukata bandeji kwa meno alilegeza barakoa, mara moja tu, bila kufikiri. Pumzi ikaingia.

Ilikuwa harufu nyepesi, ya mvua inayokaribia. Na papo hapo kile kitu alichokuwa amekibeba kifuani tangu lori lilipomuua mumewe Osmundi kiliondoka. Hakikupungua, kiliondoka. Aliiona sura ya Osmundi waziwazi, akaona hata lile shati lake la mistari, na haikumchoma popote. Alijisikia mwepesi. Alijisikia mzima. Akawaza, kwa utulivu kabisa, kwamba hapakuwa na haja ya kuirudisha barakoa mahali pake.

Alichomoka mle ndani kwa sababu tu mwanamke yule alimwambia, "Nesi, barakoa yako imelegea," kwa upole wa mtu anayemwonyesha mwenzake uzi uliochomoza kwenye nguo. Alitembea kupanda mlima bila kusimama. Harufu ilipomtoka na uchungu ukarudi, aliupokea kwa kilio kando ya barabara. Hapo ndipo alipojua anachotaka kukifanya.

*

Dakta Gaudensi Mwinuka, mkurugenzi wa Baraza la Maua, hakuwa mtu mbaya. Otilia angefurahi kama angekuwa mbaya. Kazi ingekuwa rahisi. Alizaliwa bonde la jirani, akazika wadogo zake wawili waliouawa na utapiamlo, na hakusahau.

"Nesi Otilia, nakusikiliza," alisema. Walikuwa wamekaa kwenye ofisi yake ya wilayani, mbali na mashamba, madirisha wazi. "Watoto wangapi wamekufa Lwangilo mwaka huu?"

"Wachache kuliko zamani. Hilo nalikubali."

"Kwa sababu wana maziwa, wana dawa, wana nyumba ya bati. Maua ndiyo yaliyoleta. Sasa nikisimama mbele ya Kamati ya Bunge niseme nini? Kwamba watu wana furaha kupita kiasi?"

"Sema mama alikaa na mtoto anayekufa akamwona amepata nafuu."

Mwinuka aliyasugua macho yake.

"Kamati inakuja mwezi ujao," akasema. "Wataamua kama ruzuku ipelekwe mabonde mengine. Nitakupa nafasi ya kuzungumza. Lakini nakwambia ukweli, wakikutana na wafanyakazi watawauliza, mna shida gani? Nao watajibu, hatuna. Watamwuliza huyo mama mwenyewe, naye atawakaribisha chai. Wewe utaonekana mtu wa nje mwenye wivu. Kama kuna anayeweza kuwashawishi, ni mtu wa mle ndani anayehisi. Unaye?"

Hakuwa naye. Lakini alijua namna ya kumpata. Ukimtoa mtu bondeni ukamweka kwenye hewa safi, mvuke humtoka taratibu damuni, na baada ya wiki kadhaa kengele ile huamka. Huamka na kila kitu ilichonyimwa nafasi ya kukipigia.

*

Mama yake Editha aliishi juu ya kilele cha Ukwega, kwenye shamba la viazi ambalo Baraza halikulitaka kwa sababu ya upepo. Alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, aitwaye Bi Skolastika. Habari za kifo cha mjukuu wake alizisikia kutoka kwa muuza chumvi. Hakuna mtu bondeni aliyeona kuna haraka ya kumwambia.

"Kamwene, mama," Otilia alimsalimu.

"Kamwene." Alimpisha ndani. Akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, mikono yake ikimenya viazi, kisha akakiweka kisu chini.

"Unataka nimpokee hapa."

"Hewa yako ni safi, mama. Na atahitaji mtu wake."

"Mwanangu sasa hivi analala usiku?"

"Analala."

"Anakula?"

"Anakula."

"Basi mwache. Mimi ndiye niliyemzaa, nakwambia mwache. Yule mtoto nimemlilia mimi, nimemlilia kwa niaba yao wote. Unataka umfungue macho aone amefanya nini, ili wakubwa waandike?"

"Nataka asife mwingine."

"Hao wengine ni wa watu wengine," Bi Skolastika akasema. Kisha akafunika uso kwa kitenge, maana naye alisikia alichokisema. Chini ya kitenge akasema kwa sauti ndogo, "Mwulize mwenyewe. Akikubali, mlete."

Otilia alimkuta Editha akifua kwenye bomba. Alimweleza yote, polepole, hakuficha kitu.

"Utaumia, Editha. Utaumia kuliko ulivyowahi kuumia tangu uzaliwe. Utaelewa kilichompata Lameki na sehemu yako ndani yake. Siwezi kukuahidi kwamba kutapoa."

"Sawa, nesi."

"Unaelewa ninachokwambia?"

"Naelewa. Nitaumia." Alikamua shati, akalitundika kwenye kamba. "Twende lini?"

Angekubali vilevile kama angeambiwa kuna mvua kesho. Otilia alijua. Alijua kwamba mtu asiyeweza kuogopa hawezi kukubali jambo, anaweza tu kuitikia kwa kichwa. Alisimama pale akiangalia maji yakitiririka kutoka kwenye nguo za mtu aliyemwamini kwa sababu alikuwa hana uwezo wa kutomwamini.

"Kesho," akasema.

*

Huko Ukwega, wiki za mwanzo halikutokea lolote. Editha alipalilia viazi, akasuka nywele za mama yake, akalala vizuri. Otilia alipanda kila Jumapili na kila mara alimkuta na tabasamu lilelile. Alianza kutumaini, kwa aibu, kwamba labda halitatokea.

Siku moja mlango ulipigwa na upepo, Editha akaruka.

Bi Skolastika alimsimulia Otilia baadaye kwamba mwanawe alisimama katikati ya chumba, mkono kifuani, akishangaa. "Mama, ni nini hiki?" aliuliza. "Moyo unakwenda mbio." Akacheka. Tangu hapo akawa anashtuka na jogoo, na moto ukipasua kuni. Akaanza kuuliza maswali kuhusu Jumatatu ile. Homa ya mtoto mchanga ikipanda sana inakuwaje? Mtu akipewa dawa mapema anapona? Mama yake alimjibu kwa kumkwepa mpaka alipoishiwa pa kukwepea.

Otilia alifika siku lilipotokea. Alikisikia kilio kabla hajaiona nyumba. Kilikuwa kilio kile alichokingoja kaburini. Sasa alitamani kikome. Editha alikuwa chini mlangoni, ameng'ang'ania nguzo, mama yake amemkumbatia kwa nyuma kwa mikono miwili asijigonge.

"Alikuwa ananiita!" alikuwa akisema. "Ananiita, nami nakunja nguo! Mama, nilikuwa nakunja nguo!"

Alipomwona Otilia alinyamaza ghafla. Macho yake yalikuwa mekundu na ndani yake kulikuwa na mtu.

"Kwa nini umenileta huku?" alimwuliza.

Otilia alifungua mdomo kumweleza kuhusu Kamati. Hakuweza. Alipiga magoti matopeni, naye Editha akamshika mabega akamtikisa, kisha akamwangukia begani na kulia, na walikaa hivyo mpaka ukungu ulipowafunika.

*

Kamati ya Bunge ilikaa kwenye ukumbi wa wilaya. Wajumbe walikuwa wametembezwa mabandani asubuhi, na ingawa walivaa barakoa mpya, wawili walikuwa na utulivu usoni ambao Otilia aliutambua mara moja.

Editha alisimama mbele yao kwa gauni jeusi. Hakusimulia vizuri. Alirudiarudia, akasahau, akakaa, akasimama tena. Alipofika pale mtoto alipokataa kunyonya, mjumbe mmoja wa kike aliinamisha kichwa mezani.

Mwenyekiti alimshukuru. Akampa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha mtaalamu wa uchumi wa Kamati akaomba kuuliza.

"Mama, mtoto alipolia, ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Kwa hiyo ua halikukuzuia kusikia."

"Halikunizuia."

"Wala kutembea. Ungeweza kwenda zahanati."

"Ningeweza," Editha akasema. "Miguu nilikuwa nayo."

"Ahsante. Sina swali jingine."

Uamuzi ulitoka mchana wa siku ile. Ruzuku itaendelea, na itapelekwa mabonde mengine kuanzia bonde la Isapulo. Ila kwa kuzingatia ushahidi wa kusikitisha uliotolewa, kila shamba litajengewa kituo cha kulelea watoto mchana kwa gharama ya Serikali, pawepo mlezi anayeweza kutambua mtoto aliye hatarini. Wajumbe walipiga makofi. Hata Mwinuka alipiga. Otilia aligeuka kumtazama Editha, akaona kwamba Editha hamtazami mtu yeyote.

"Mlezi gani?" Editha alimwuliza wakiwa njiani kurudi. "Wataivua barakoa."

"Wataivua."

"Mimi sitaivua."

Otilia alimkataza. Alimwambia atakuwa anasikia watoto wa watu wakilia kutwa nzima, na kila kilio kitakuwa cha Lameki. Editha alimsikiliza, akatikisa kichwa, na wiki iliyofuata alikuwa kazini.

*

Hakuivua. Wanawake walipita asubuhi wakitabasamu kumwachia watoto, naye aliwapokea, barakoa imebana hadi imemchora usoni. Mtoto akikohoa tu alikuwa ameshafika. Alikonda. Usiku hakulala, na siku za mapumziko alipanda Ukwega akalia kwenye mapaja ya mama yake. Lakini alimpelekea Otilia watoto kwa wakati: mwenye nimonia, mwenye degedege, aliyemeza kifungo. Wote waliishi.

Ndipo Mwinuka alipompigia Otilia simu.

"Yule Editha ni hazina," alisema. "Tumejaribu walezi mashamba yote ya majaribio, kila mmoja amevua barakoa. Yeye peke yake hajavua, kwa sababu anajua. Nimefikiri sana, nesi. Tunahitaji wengine kama yeye, angalau mmoja kila bonde. Wapo wanawake waliofiwa mle mabandani. Wewe unajua namna ya kuwatoa."

Otilia alikaa chini.

"Unataka niwaamshe wafiwa ili wawe walezi."

"Nataka watoto wasife. Si ndicho ulichokuja kunililia ofisini kwangu?"

Otilia aliuona uso wa Editha mlangoni kwa mama yake. "Siwezi," akasema. "Nilifanya mara moja na sijui kama nilikuwa na haki. Tafuta mwingine. Au funga mabanda."

"Mabanda hayafungwi," Mwinuka akajibu kwa huzuni. "Unajua hayafungwi."

Mwezi haukwisha kabla nesi mpya hajafika Lwangilo, binti mchangamfu aliyetoka chuoni, na barakoa yake ilikuwa tayari imening'inia shingoni. Otilia alimkabidhi funguo, akashuka kumuaga Editha.

Walisimama nje ya kituo cha watoto, barakoa kwa barakoa. Otilia alimweleza kwa nini ameondolewa. Alitarajia shukrani, au angalau kimya cha mtu anayeelewa. Editha alirudi nyuma hatua moja.

"Isapulo hakutakuwa na mtu wa kusikia?"

"Editha, nisingeweza kumfanyia mwingine kile nilichokufanyia wewe."

"Wewe ndiye uliyeamua." Sauti yake ilitoka nzito nyuma ya vichujio. "Uliniamsha wakati sina akili ya kuulizwa. Sasa nina akili, umekataa bila kuniuliza. Mimi ndiye ninayejua kulivyo huku na kulivyo kule. Ulishindwa nini kuja kuniuliza?"

Otilia alisimama kama aliyepigwa kofi.

"Ungenijibu nini?" akauliza hatimaye.

"Ningekwambia kuna wakati wa kuwauliza watu. Si baada ya kuingia, ni kabla. Isapulo hawajapanda bado, sivyo? Hofu zao bado wanazo. Mpigie Dakta. Mwambie nakwenda kuzungumza nao mimi."

*

Mwinuka alitoa gari. Otilia alikwenda pia, bila cheo, bila mshahara, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine alipotaka kuwa. Kule Ukwega Bi Skolastika alikuwa amefunga nyumba na kuhamia kwenye kituo cha Lwangilo kushika nafasi ya mwanawe. Barakoa yake aliifunga kwa kamba ya katani, mafundo nyuma ya kisogo, asikoweza kuyafikia haraka.

Vitalu vya Isapulo vilikuwa vimekamilika, vyeupe, vitupu. Miche ilikuwa bado kwenye lori lililofungwa. Mbele ya geti wanawake walikuwa wamekuja kuandikishwa, wengi wao na watoto mgongoni, na mikono yao ilikuwa na nyufa za kulima mashamba yasiyotoa kitu. Editha alipanda juu ya kreti. Hakuwa na barakoa; hewa ilikuwa bado safi. Aliwasimulia habari za Lameki.

Safari hii alisimulia vizuri. Aliwaambia mtoto alivyolia, alivyonyamaza, na zile nguo alizokuwa akizikunja. Aliwaambia mtakuwa na raha, sitawadanganya, raha yenyewe ni kubwa. Aliwaambia kuhusu kilele cha mlima na nguzo ya mlango. "Nawauliza leo wakati mnaweza kuogopa," alisema. "Likikupata lililonipata mimi, unataka uamshwe au uachwe? Sema sasa. Ukishaingia humo hutakuwa na jibu la kwako."

Walilia. Mmoja alianza, wakafuata wengine, hadi geti zima likawa msiba, na Otilia akiwa katikati yao alilia pamoja nao. Watoto walishtuka migongoni wakaanza kupiga kelele. Lakini hakuna aliyesema aamshwe, na hakuna aliyesema aachwe. Walirudi majumbani wameshikana mikono.

Asubuhi walikuwa wamerudi wote. Walipanga foleni wakiwa kimya, nyuso zimevimba. Miche ilikuwa inateremshwa, michache ikiwa imeshachanua, na harufu ile ya mvua ilianza kupita juu ya uwanja.

Editha alivaa barakoa, akasimama kwenye mlango wa kituo cha watoto. Mwanamke wa mbele kabisa alimfikia. Alikuwa binti mdogo, mwenye kitenge kilichofifia, na midomo ilikuwa ikimcheza kwa woga. Alimfungua mwanawe mgongoni, akamnusa utosi, akamnusa tena kwa muda mrefu, kisha akamnyoosha mbele kwa mikono miwili.

"Basi uogope wewe kwa niaba yangu," alisema. "Mimi naingia."

Editha akampokea.